Fundi wa Dakani: Kumuaga Bwana Nicodemus

Baada ya miaka ishirini na minne na miezi miwili ya kazi, Bwana Nicodemus, fundi wa Kituo chetu cha Kompyuta hapa Mkomani, Lamu, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Meneja wetu, Bi Nkatha, alitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye diploma. Wenye diploma wote walisema wana shughuli. Kazi ikaniangukia mimi, Wazir, mlinzi wa mlango, niliyeishia darasa la tano. Koma zikikaa pasipo pake, wa kulaumiwa ni wao.

Bwana Nicodemus alishuka kwenye boti ya Mokowe, ile itokayo bara, mwezi wa Septemba 2001, akitokea kwao Busia, na viatu vya ngozi vinavyong'aa kama sufuria mpya. Wiki ya kwanza alikanyaga mavi ya punda mara nne. Wiki ya pili alinunua ndara. Kiswahili chake kilikuwa cha msomaji wa taarifa ya habari. Leo njia ni ndia na nchi ni nti kinywani mwake, kama aliyezaliwa hapa, na mkewe, Bi Nerea, humcheka kwa simu kwamba mume wake ameibwa na Waamu.

Jina lake lilikua kibodi na mausi zisizo na waya zilipoanza kuingia majumbani. Nyumba zetu mnazijua: mgeni mwanamume hukaa dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni, na ndani ni kwa wenyewe. Kompyuta nazo, kwa bahati mbaya, hukaa ndani. Basi mtu wa bara akabuni utabibu wake. Hukaa dakani na kikombe cha kahawa, akauliza kwa sauti: "Pindua kibodi tini. Waona kiswichi? Kimewashwa?" Ndani hujibiwa, "Kimewashwa, Bwana Niko!" "Haya, toa betri, tia mpya. Kile kidude kilichochomekwa nyuma ya kompyuta kichomoe, hesabu kumi, kichomeke tundu jingine." Mara nyingi kahawa ilikuwa haijesha, ndani washapiga vigelegele. Nilimwambia ni daktari wa kwanza duniani asiyewahi kumwona mgonjwa. Akaniambia, "Mzee Wazir, wewe unaona watu siku nzima na hujatibu hata mmoja."

Kuna nyumba moja mausi ilikuwa ikitembea peke yake. Mshale unazunguka kwenye skrini na hakuna aliyeshika kitu. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaitwa, akasoma, akafukiza ubani. Mshale ukazidi kukimbia. Bwana Nicodemus, kutoka dakani, aliuliza swali moja tu: mausi hii ilinunuliwa na nani? Kumbe ndugu wawili walinunua seti za aina moja, wakazifungua pamoja, vile vidude vya nyuma vikabadilishana. Mmoja akisogeza mausi kwake, mshale unatembea kwa nduguye ng'ambo ya ndia, madirisha yakitazamana. Mwalimu alikuwa ameshapewa sahani yake ya biriani na hakuirudisha.

Ningependa kumalizia hapo, tukacheka tukala halua. Lakini Bwana Nicodemus hakupanga kustaafu mwaka huu. Alikuwa na haki ya kubaki miaka miwili zaidi, na barua yake aliiandika kwa jambo moja. Wengi wenu mnalinong'ona kwa makosa, kwa hivyo nitalieleza lilivyo, na Bwana Alwi, mwenye nyumba, ameniruhusu.

Mke wa Bwana Alwi, Bi Sundus, alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Sauti ikaondoka, na mkono wa kuume. Kalamu hawezi kuishika, na simu vitufe vyake ni vidogo kwa kidole kizito. Kibodi ile isiyo na waya, aliyowekewa mapajani kwa maelekezo ya Bwana Nicodemus akiwa dakani, ndiyo iliyokuwa mdomo wake. Kidole kimoja, herufi moja moja, na nyumba nzima ikaanza kuamrishwa tena kama zamani.

Mwezi wa Maulidi mwaka huu, mkaza mwanawe, Sumeiya, alipamba chumba. Lile sanduku la kompyuta na nyaya zake lilimuudhi machoni. Akaliingiza ndani ya zidaka, yale mashubaka yaliyochongwa katikati ya ukuta wa mawe, na mbele yake akasimamisha sinia kubwa la shaba. Chumba kikapendeza. Kibodi ikafa, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Siku hiyo hiyo ikaja habari kutoka Mbwajumali, kisiwani Pate, kwamba Bi Mwanamkisi, dada yake Bi Sundus, yu hoi kitandani. Dada hao walikuwa hawajasemezana miaka kumi na moja, kwa ajili ya kitanda cha mama yao.

Siku ya kwanza Bwana Nicodemus aliuliza kiswichi, akauliza betri. Siku ya pili Sumeiya aliondoa sinia, akachomoa kidude, akakirudisha, akarudisha sinia mahali pake vizuri, ndipo akajaribu. Kimya. Siku ya tatu kibodi ililetwa dakani pamoja na kidude chake, ikajaribiwa kwenye laptopu ya fundi, ikaandika kila herufi. "Ni nzima," akasema, na jasho linamtoka. Sinia hakulitaja mtu yeyote. Nani angefikiri sinia ni kitu cha kompyuta? Siku zote tatu Bi Sundus alikuwa akibonyeza, akibonyeza, nao wakadhani anawasaidia kujaribu.

Mwishowe Bwana Alwi alitoka mwenyewe, akamshika mkono. "Ndoo ndani," akasema, yaani njoo. Kwa miaka yote ile, mara ya kwanza. Bwana Nicodemus aliingia, akatazama ukuta, akaondoa sinia lililokuwa likizuia mawimbi ya kibodi, akakivuta kidude mbele kwa waya wa kurefushia. Dakika mbili, wala hazikufika. Bi Sundus akaandika: *Mpigieni Mwanamkisi. Mwambieni nimekosa mimi.*

Sumeiya akapiga. Simu ikapokewa na kilio. Bi Mwanamkisi alikuwa amefariki saa moja kabla.

Tangu siku hiyo rafiki yangu hapiti ndia ile. Akienda sokoni huzunguka kwa pwani, juani, na umri wake. Akiitwa nyumba ya mtu huuliza kwanza ni nini kilicho mbele ya kompyuta, nyuma yake, na pembeni, hata sahani, hata pazia, na hakai tena kunywa kahawa. Nimemtania kila namna niijuayo, miezi mitatu, na hakunijibu. Mimi nimezoea kujibiwa.

Juzi Sumeiya alinipa karatasi iliyochapishwa. Bi Sundus ameomba isomwe leo, nami naiandika kama ilivyo: *Bwana Nicodemus. Mimi nalikuwa na miaka kumi na moja ya kumwambia dada yangu. Hizo siku tatu za mwisho usijitwike wewe. Nataka kukuaga na huji.*

Kituo kinamshukuru kwa nyumba zote alizozitibu, na kwa kuvumilia mdomo wangu. Bi Nerea, mpokee vyema. Ukisikia maneno ya Kiamu usingizini mwake, usimwamshe. Nasi tunakuombea, ndugu yetu, umri mrefu, afya, na moyo mwepesi huko uendako.

Boti yako ya Mokowe ni kesho asubuhi. Leo baada ya Alasiri huna kazi, nimeshamuuliza Bi Nkatha. Bwana Alwi amesema usikae dakani, uingie moja kwa moja. Bi Sundus ameshawekewa kibodi mapajani tangu asubuhi, na anakungoja.