Onyo Moja Katika Faili la Bi Pamba

Mwanangu amepewa meza ya watoto kule maabara! Ndiyo, yule yule mliyekuwa mkimwona na sare ya shule, akinisubiri kwenye benchi la mapokezi mpaka nimalize kupiga deki. Kuanzia mwezi ujao, kila sampuli itakayotoka kwenye pua ya mtoto mgonjwa wa hospitali hii itapita mikononi mwake. Haya, baada ya hilo, habari zenu wafanyakazi wenzangu.

Kamati ya jarida imeniomba niandike wasifu wa Bi Pamba, mtaalamu wa maabara anayestaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na minne ya kupima virusi vya mafua na vya vifua kwa watoto. Wamenichagua mimi kwa kuwa nimesafisha maabara ile miaka ishirini na miwili, na anayemjua kuliko mimi hayupo. Nimekubali. Ila nisiwafiche, nimekubali huku roho inaniuma, maana huyu mwanamke amenichukulia nusu ya mtoto.

Ofisi ya utumishi imenipa karatasi ya kumbukumbu zake. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita. Hajawahi kuomba uhamisho. Ameugua mara mbili tu. Ana barua za pongezi tisa na onyo la maandishi moja. Hilo onyo nitalifikia, msiniharakishe.

Alipoanza kazi, mashine hizi za leo hazikuwepo. Makamasi ya mtoto yalipakwa kwenye kioo, yakatiwa dawa, naye akajifungia kwenye chumba cha giza na darubini yake akitafuta chembe zinazong'aa kijani. Waliomkuta wakati ule wanasema alikuwa akitoka mle anapepesa macho kama mtu aliyeamshwa kwa kelele. Madaktari wengine walimcheka, wakasema mafua ni mafua, kuna haja gani ya kuyapima. Akawajibu kwamba mtoto aliyebanwa kifua na kirusi hana sababu ya kujazwa dawa za bakteria, wala hafai kulazwa ubavuni mwa mwenye kirusi kingine. Aliwarudia kwa maneno hayo hayo mwaka baada ya mwaka, mpaka wodi ikatengewa vyumba. Leo kila daktari anadai wazo lilikuwa lake.

Jina la Bi Pamba alipewa na watoto wenyewe. Kile kijiti chenye pamba huingizwa puani mpaka nyuma kabisa, na mtoto akishakionja mara moja, safari ya pili wanatakiwa watu watatu wa kumshika. Yeye hakupenda kushika mtu kwa nguvu. Alikuwa anachuchumaa, anampa mtoto kijiti kikavu, anamwambia, "Haya daktari, nipime mimi kwanza." Akishachokonolewa anapiga chafya mpaka vioo vya dirisha vinalia. Kuna binti wa miaka minne alimchokonoa mara saba, kila akiombwa kijiti anasema, "Bado, sijaona kitu." Alipotosheka akatoa pua yake mwenyewe bila ubishi. Mimi nimelea watoto watatu, na ujanja huo haukuwahi kunipitia kichwani. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu, nikashikwa na wivu mchana kweupe.

Sasa niwaeleze habari za mwanangu. Alimaliza chuo cha maabara akiwa wa pili darasa zima, na huyo wa kwanza alikuwa anarudia mwaka, kwa hiyo hesabuni wenyewe. Alipopangiwa hospitali hii nilishangilia, nikijua nitamwona kutwa. Kumbe nampeleka kwa Bi Pamba kwa mguu wangu mwenyewe. Mwezi haukuisha, nyumbani kwangu ikawa Bi Pamba amesema hivi, Bi Pamba amesema vile. Nikimwambia avae sweta, hasikii. Bi Pamba akimwambia, anavaa na skafu juu. Siku moja tukiwa mezani nikamuuliza, "Kwani huyo Bi Pamba ndiye aliyekunyonyesha?" Akacheka mpaka akapaliwa. "Mama, wewe ulininyonyesha. Yeye kanifundisha kuandika tarehe kwenye vichupa." Hata alipochumbiwa, wa kwanza kujua alikuwa Bi Pamba, eti kwa sababu walikuwa zamu moja. Majirani wakaniliwaza kwa methali, kuzaa si kazi, kazi kulea. Aliyeitunga hiyo hakuwahi kupita hata nje ya chumba cha kujifungulia.

Basi, lile onyo.

Ni miaka sita iliyopita, mwanangu akiwa bado kwenye miezi ya majaribio. Maabara ile ina vyumba vitatu. Cha kwanza ni cha kuchanganyia dawa, cha pili cha kufungulia sampuli, na cha tatu ndimo ilimo mashine inayozidisha alama za kirusi mara mamilioni ili zionekane. Kwa hiyo sheria ya usafi ni moja tu: unaanzia cha kwanza, unamalizia cha tatu, na kitambaa cha chumba cha tatu hakirudi nyuma hata kwa bahati mbaya, kisije kikazibeba alama hizo na kuzipaka kwenye dawa. Naijua sheria hiyo kama ninavyojua jina langu. Lakini asubuhi ile mwanangu alikuwa anapima peke yake kwa mara ya kwanza, nami nikataka meza yake ing'ae kuliko meza zote duniani. Nilikuwa nimeshamaliza chumba cha tatu. Nikarudi cha kwanza na kitambaa kile kile, nikasugua meza yake, nikafuta na vibomba vyake vya kuvutia dawa, kimoja kimoja.

Siku ile walipimwa watoto kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja wakaonekana wana kirusi kimoja. Mwanangu, kwa moto wa ugeni, akapiga simu wodini, na watoto watatu wakahamishwa vyumba. Ndipo akatazama kichupa cha kumi na mbili, kile kinachotiwa maji matupu makusudi ili kazi ijipime yenyewe. Nacho kilikuwa na kirusi. Maji yameugua! Fundi wa mashine alicheka. Mwanangu alilia. Watoto wote wakaingizwa vijiti upya, mama zao wakawaka, na mkuu wa hospitali akataka jina la mkosaji kabla ya saa kumi.

Bi Pamba alikikuta kitambaa changu cha bluu kwenye sinki la chumba cha kwanza. Alikitazama, akanitazama. Akakitia kwenye mfuko wa taka za maambukizi, akaufunga fundo. Kisha akaenda ofisini na kuandika kwamba msimamizi wa vyumba ni yeye, na kosa ni lake. Mwaka ule kila mtu alikuwa akimtaja kuwa ndiye mkuu wa maabara ajaye. Akapewa barua ya onyo, na ukuu ukaenda kwa mwingine. Kesho yake aliniletea ndoo tatu za rangi tatu. "Dadangu," akasema, "ndoo hizi hazitembeleani." Hakuongeza neno, siku ile wala baada yake.

Mimi nikanyamaza. Mwanzoni niliogopa tutafukuzwa wote, mama na mwana. Mwanangu akathibitishwa kazini, hofu ikaisha, na bado nikanyamaza. Sababu yake ni ya aibu, lakini nimeshika kalamu nikaamua nitaiandika: nilijua mwanangu akisikia alichofanya Bi Pamba, atampenda zaidi, na mimi nitabaki mama wa kusalimiwa tu. Kwa hiyo nikamwacha mtoto wangu wa kumzaa aamini kwamba mkono wake ndio ulioharibu kazi. Miaka sita anafuta meza mara nne kabla ya kugusa kichupa. Miaka sita wenzake wanamtania kwa jina la Maji Mgonjwa, anacheka nao, kisha anarudi nyumbani kimya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Nami niliujua, nikaukalia.

Jumapili mchana nilimsomea yote haya mpaka hapa. Hakulia. Alivaa viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi, ingawa jibu nilikuwa nalo: kwa Bi Pamba. Alikaa huko saa mbili nzima, na waliyozungumza sijaambiwa mpaka leo. Aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Mama, usifute hata mstari mmoja."

Jumatatu nikaenda utumishi kuomba ile barua ya onyo itolewe kwenye faili lake na iingizwe kwenye langu. Karani akaniambia faili la mfanyakazi wa usafi halina sehemu ya makosa ya kitaalamu. Nikamwambia aitengeneze, ana siku nne. Mkuu wa maabara ametia saini, na amesema itakuwa tayari kabla Bi Pamba hajaaga.

Bi Pamba, ahsante kwa pua zote ulizozihurumia na kwa vifua vyote vilivyopata dawa inayovifaa. Ahsante kwa mwanangu, na neno hilo limenitoka kwa shida, lakini limetoka. Nenda kapumzike. Magoti yako yapate nafuu baada ya miaka yote hiyo ya kuchuchumaa, nyumba yako isikose wageni, na asubuhi uamke kwa kupenda, si kwa kengele ya zamu. Mwanangu atakuja kukutazama Jumapili mbili za kila mwezi. Mbili zinazobaki ni zangu, na hapo hatutajadiliana.

Wenzangu wa wodi, maabara, jikoni, dobi na getini, njooni wote. Haya niliyoyaandika nitasimama niyaseme kwa mdomo wangu, mbele yake na mbele ya mwanangu, na sitaki niviambie viti vitupu. Tukutane ukumbi wa jengo la watoto, saa nane kamili mchana, siku ya Ijumaa.