Pasipoti Niliyoitoa kwa Mikono Yangu Mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, na sare zenu mwilini! Asifiwe na akina dada mliopewa ruhusa ya saa mbili tu mkaamua kuzitumia hapa!

Naitwa Perpetua, natokea Songea, nina miaka arobaini na sita. Wengine mnanikumbuka kutoka kile chumba cha watu sita Discovery Gardens. Nimerudi Dubai mwezi uliopita, na sasa namtunza mzee mmoja kule Al Twar. Leo nashuhudia jinsi Bwana alivyonitoa katika kifungo nilichokuwa nimekizoea, kiasi kwamba nilikibeba mwenyewe mpaka Uhispania. Nitaeleza hatua kwa hatua ili tusipotezane.

Nilifanya kazi za ndani Mirdif, hapa hapa Dubai, miaka tisa. Siku ya kwanza, kabla sijaonyeshwa jiko, madam alinyoosha mkono, nikampa pasipoti, akaifungia kwenye sefu. Madam hakuwa mtu mbaya. Nilikula walichokula, na hakuna aliyenipiga. Lakini baba yangu alipofariki, madam alikuwa safarini na ufunguo wa sefu alikuwa nao mkobani. Aliporudi, baba alikuwa ameshazikwa siku sita. Sikulalamika, ndugu zangu. Nilisema, "Yes madam, khalas," yaani basi, yamekwisha, nikarudi kupiga pasi. Hicho ndicho kifungo ninachokisema. Nilikuwa nimeacha kuona kwamba kuna kitu changu kimechukuliwa.

Watoto wa nyumba ile walikuwa na mwalimu wa Kihispania, aliyekuja mara mbili kwa wiki. Mimi nikipiga pasi chumba cha pili, nasikiliza. Nikanunua daftari. Maneno kumi kila siku, na Jumapili najipa mtihani. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini baada ya miaka minne nilikuwa nasoma gazeti la Kihispania bila kamusi. Nikaomba nafasi ya masomo ya mwaka mmoja ya kutunza wazee, mjini Valencia. Bwana akafungua mlango, nikapata mfadhili, nikaenda.

Shule ilinipa chumba kwa mama mmoja mjane, Mama Amparo, mwenye miaka themanini na mbili. Mchana nasoma, jioni namsaidia kazi ndogondogo. Nilipofika, kabla sijavua koti, nilitoa pasipoti yangu, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mama, nitunzie karatasi zangu."

Hakuniomba! Ndugu zangu, naomba mlisikie hilo. Hakuna mtu aliyeniomba. Aliitazama ile pasipoti, akanitazama mimi, akasema, "Vizuri, binti." Akaondoka nayo. Usiku ule nililala nikiona nimefanya jambo la adabu.

Sheria ya kule ni kwamba mwanafunzi mgeni akishaingia ana mwezi mmoja wa kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole, apewe kitambulisho. Miadi yangu ilikuwa Alhamisi ya wiki ya nne, saa tatu na nusu asubuhi. Jumamosi kabla ya hapo nikamwambia mama, "Naomba pasipoti yangu."

"Pasipoti gani?"

Nilidhani ananitania. Nikamkumbusha lile koti, mvua ya siku ile, mahali tuliposimama. Akacheka kwa upole. "Binti, mimi nifanyie nini pasipoti yako? Nina umri wa kusafiri mimi?"

Hapo ndipo niliporudi kwenye mambo niliyoyaona na kuyapuuza. Chumvi kwenye friji. Swali moja mara nne kabla ya chakula. Mimi niliyekuwa nasomea kutunza wazee, nilikuwa nimempa kitu changu cha thamani kuliko vyote mtu anayepoteza kumbukumbu.

Nilimpigia Zawadi, Mkenya tuliyelala naye kitanda cha juu na chini pale Discovery Gardens. Akapiga kelele, "Perpetua! Nani alikuambia umpe? Si huko ni Ulaya! Yaani umebeba Mirdif kwa suitcase!" Akacheka, halafu akauliza taratibu, "Na usipoipata?"

Nisipoipata, miadi imepita. Mwezi umekwisha. Nafasi ya masomo inafutwa, na mimi ni mtu asiye na karatasi katika nchi ya watu. Ubalozi wetu wa karibu ulikuwa nchi nyingine, na bila pasipoti nisingethubutu hata kupanda treni kwenda huko.

Nilitafuta kwa utaratibu. Nilichora ramani ya nyumba kwenye daftari, nikaigawa, nikawa naweka alama kila nilipomaliza. Jumapili jiko na sebule. Jumatatu maktaba ndogo ya marehemu mume wake, kitabu kwa kitabu. Jumanne jioni nilikuwa nimeingiza mikono mpaka viwikoni kwenye kabati la nguo za mama, na nyuma yangu nikasikia, "Unatafuta nini humo?"

Alikuwa Vicente, mtoto wake wa kiume. Huja Jumanne na Jumamosi.

"Pasipoti yangu."

"Kwenye nguo za mama yangu?"

"Nilimpa anitunzie."

"Nani anampa mwenye nyumba pasipoti yake?" Sauti haikupanda, na hilo liliniogopesha zaidi. "Kabla yako alikaa msichana wa Bolivia. Saa ya dhahabu ya baba ilipotea. Yeye pia alikuwa na maneno mazuri. Nilimtoa. Na wewe Ijumaa utoke."

Ndugu zangu, mdomo wangu ukafunguka na Kihispania changu chote cha miaka minne, na kilichotoka ni, "Yes, sir." Kwa Kiingereza. Kama niko Mirdif.

Jumatano sikula. Saa kumi na moja alfajiri nilipiga magoti kwenye vigae vya baridi nikasema, "Bwana, sijui tena pa kutafuta. Alama zimejaa ramani yote. Nionyeshe." Sikusikia sauti, siwezi kudanganya madhabahuni. Lakini nilipokuwa nimenyamaza, lilinijia neno moja, na halikuondoka: Mpe kingine.

Niliogopa. Kingine nilichokuwa nacho ni barua halisi ya shule, yenye muhuri, na hiyo nayo ilitakiwa polisi. Ikipotea, hata pasipoti ikipatikana haina msaada. Nilibishana na Bwana kama nusu saa hivi. Kisha nikavaa koti lile lile, nikatoka mpaka mlangoni, nikaingia kama mtu anayefika. Mama Amparo alikuwa amesimama ukumbini na joho lake la asubuhi. Nikamkabidhi ile barua kwa mikono miwili. "Mama, nitunzie karatasi zangu."

"Vizuri, binti."

Nikavua viatu, nikamfuata. Aliingia jikoni, akaiweka barua kando ya jiko la gesi, akawasha moto apashe maziwa. Kona ya karatasi ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye moto. Nilitaka kuinyakua, lakini nikajizuia. Nilijua nikimgusa, atasahau. Akapapasa, akaikuta barua. "Hii si ya hapa," akasema peke yake, akazima gesi. Akapita sebuleni. Akasimama katikati ya chumba kwa muda mrefu sana. Yesu wangu! Nilihesabu pumzi zangu. Kisha akaenda kwenye cherehani yake ya zamani, ile iliyojengwa ndani ya meza, ambayo droo zake nilikuwa nimezipekua mara mbili. Hakugusa droo. Aliinua kifuniko, akanyanyua kichwa cha cherehani kilicholazwa ndani, na chini yake palikuwa na tumbo la mbao. Akaiweka barua humo.

"Mama," nikasema, "naomba niangalie."

Pasipoti yangu ilikuwa pale! Pamoja na miwani jozi tatu, picha ya ubatizo wa Vicente, na saa ya dhahabu iliyofungwa kwenye leso.

Nikalia kwa sauti. Mama Amparo akanishangaa. "Unalia nini? Si ulisema nitunze? Nimetunza."

Vicente alikuja baada ya simu yangu. Niliiweka saa mezani mbele yake, nikasema kwa Kihispania, bila sir, "Nitaendelea kukaa hapa, nawe utampigia yule msichana leo." Alimtazama mama yake kama mtu anayeanza kuelewa vitu vingi kwa pamoja. Kisha akachukua simu, akaenda kusimama dirishani, nikamsikia akisema jina la msichana na kuomba radhi.

Alhamisi nilikuwa polisi saa tatu. Yule afisa akachukua alama za vidole vyangu vyote, akakagua barua, akakagua pasipoti, akaisukuma chini ya kioo kunirudishia. Mimi nimesimama tu. Akaita mtu mwingine, akaniona bado nipo.

"Señora, tumemaliza. Unasubiri nini?"

Nikatazama pasipoti. Nilikuwa nasubiri mtu aje aichukue.

"Ichukue," akasema. "Ni yako."

Nikaichukua, ndugu zangu. Nikaiweka kifuani, nikatoka nje juani.

Namshukuru Mungu aliyeniona nikiwa na miaka arobaini na mitano, nimepiga magoti kwenye vigae, na alama zimejaa ramani. Na wewe uliyekaa hapa leo, unayesema "khalas" kwa jambo ambalo bado linakuuma, usiogope kumwomba. Mwambie umetafuta kila mahali. Mwambie umechoka. Njoo mbele sasa hivi, na sare yako hiyo hiyo, tuombe pamoja kabla muda wa ruhusa haujaisha.