Mizani ya Tisa ya Mwalimu Kemilembe

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Kemilembe Rwehumbiza anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha ushairi shuleni kwetu Igogo. Mtoto huyu wa wakulima wa kahawa kutoka Kagera alishuka melini Mwanza akiahidi kukaa miaka miwili tu.

Wanafunzi wake walifaulu, na kalamu yake nyekundu ilituogopesha hata sisi walimu. Barua yangu ya kuomba likizo iliwahi kurudi imesahihishwa. Tulipowapeleka wanafunzi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wenzake tulicheza ngoma mpaka jasho likatutoka. Yeye alisimama pembeni akihesabu mizani za wimbo kwa vidole, kisha akamweleza mwimbaji, Mzee Shimba, kwamba mstari wa pili umepungukiwa. Mzee huyo bado anamuulizia.

Sasa niungame. Miaka minne iliyopita, baada ya kumzika mama yake, Mwalimu alitunga shairi la kwanza maishani mwake. Karatasi ilijichanganya kwenye jalada la maswali, nami, nisijue ni la nani, nikalichapa shairi hilo katika mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne. Hakulalamika. Alisahihisha karatasi zote tisini. Wengi waliandika kwamba mtunzi amekosea, maana "Umeniacha mama yangu" ina mizani tisa badala ya nane. Aliwapa alama zao zote, kwa kuwa walihesabu vizuri.

Nilipojua shairi ni lake nilikwenda kumwomba radhi, na kwa kiherehere changu nikamshauri aandike "mamangu", kama watu wa pwani, ili mstari utimie. Alinijibu kwa upole: "Mwalimu Venant, hilo hata mimi ningemwambia mwanafunzi. Lakini mama yangu sikuwahi kumwita mamangu." Niliona aibu. Mimi nilikuwa nahesabu, yeye alikuwa anamwita mama yake.

Hakunionyesha shairi jingine, nikaamini nimemkatisha tamaa. Jambo hilo limenikaa moyoni miaka yote minne. Wiki iliyopita alinikabidhi daftari lenye mashairi kumi na moja, akanikataza kushika kalamu. Nimeyasoma yote. Kwenye la nne nililia, na sikuhesabu chochote.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za kutunga. Likija la kumi na mbili, naomba niwe wa kwanza kulisoma.