Diski ya Kuzunguka

Basi lilisimamishwa kwenye kizuizi cha mgodi, kwa maana baruti ilikuwa karibu kulipuliwa. Mama Mbombo, kiti cha nyuma, hakuwa na la kufanya ila kusikiliza mazungumzo ya mbele yake, nayo yalimfikia bila yeye kutega sikio.

Muuza kompyuta, katoni ya kompyuta zake mapajani, alikuwa akimshauri Abigaëlle, binti anayesomea uchoraji wa majengo. "Mama, wewe unachora manyumba. Kamata ile kompyuta ya diski ya kuzunguka. Iko na nafasi mingi, michoro yote itaingia."

"Hapana, tata," binti alisema, akimwita baba kwa heshima. "Baruti ikipiga, meza yetu inatetemeka. Ile ya kwanza ilikufa vile, na michoro ya mwaka muzima. Mi nataka ile haina kitu ya kuzunguka ndani, hata nafasi yake ikiwa kadogo."

"Lakini umesema ba mugodi balichora alama ku ukuta wenu, mutahama mwezi yenye inakuya. Kule mutaenda baruti haiko. Diski itatetemeka na nini?"

Swali lina akili, Mama Mbombo alikiri moyoni. Alama kama hiyo ukutani kwake mwenyewe alikuwa ameifunika kwa kalenda ya parokia.

Abigaëlle alitikisa kichwa. "Tata, nikikamata ya kuzunguka, njo sawa na kusema nilisha kukubali kuhama."

Hapo baruti ikalipuka, vioo vikatikisika. Muuzaji, kabla hajafikiri, alikuwa ameikumbatia katoni yake kifuani kwa mikono miwili.

Kizuizi kikainuliwa.