Aliyepiga Picha ya Cherehani Ni Kaka Yetu

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza kaka yetu, poleni, na naomba mtulie. Ninayesoma ni dada yake anayemfuata. Nilikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo tarehe sikosei, na mtu asije akasema baadaye kwamba nilipayuka kwa uchungu. Uchungu ninao, sikatai. Lakini tarehe ni tarehe. Programu mliyoshika imechapwa leo asubuhi, ndiyo maana wino unawachafua vidole. Imechelewa kwa sababu kuna waliotaka nipunguze maneno, nami sikupunguza.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba namba tisa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu alikuwa fundi wa breki za mabehewa, na mama alifua mashuka ya hospitali. Mama alikuwa akisimulia kwamba kaka alizaliwa amekodoa macho, anaangaza huku na huku kama anayekagua kazi ya mkunga. Hakulia mpaka alipofinywa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya bohari la reli kuanzia 1959 hadi 1965, akaingia sekondari Januari 1966. Kwa kuchora hakuwa na mpinzani, na kwa kemia vilevile. Juni 1968 baba alipondwa mkono kazini, na kaka akaacha shule akiwa kidato cha tatu. Mwalimu wake wa kemia alikuja nyumbani mara mbili kumbembeleza arudi. Kaka alimshukuru, akampa kiti, akamwambia haiwezekani. Hakulalamika hata siku moja. Nilimlalamikia mimi, kama ilivyokuwa kawaida yetu maisha yote.

Tarehe 1 Agosti 1968 aliajiriwa katika studio iliyotazamana na posta. Kazi yake ilikuwa kuosha sinia za dawa za kusafishia picha. Kufikia 1972 chumba cha giza kilikuwa chake peke yake, na tajiri alikuwa akipiga hodi kwanza kabla ya kuingia. Mwaka 1983 akafungua studio yake mwenyewe, pale juu ya ngazi, kati ya duka la dawa na fundi viatu. Nusu ya nyinyi mliokaa hapa mlipigwa picha ya kwanza ya maisha yenu pale juu, mkiwa mmenuna, na bado picha ikatoka nzuri.

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, hakumng'arisha mtu sura. Kuna bwana harusi alimwomba amfanye mweupe kidogo. Kaka akamjibu, "Ndugu yangu, nikikufanya mweupe, mkeo atafungua albamu amtafute mume wake asimwone." La pili, hakuandika jina lake juu ya picha. Alikuwa anasema mbele ni kwa mwenye sura, fundi anaandika nyuma. Kwa hiyo alikuwa anaigeuza kila picha na kuandika kwa penseli tarehe, dawa aliyotumia, dakika na sahihi. Sharti hili la pili ndilo lililokuja kumponza, na nitawaeleza.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Februari 1980, na wifi yangu huyu mnayemwona hapa mbele, fundi cherehani. Walikutana studio. Wifi alikuja kupiga picha ya kitambulisho akakataa katakata kuvua tepu ya kupimia shingoni, akisema bila tepu hata mama yake hatamtambua. Waligombana robo saa. Picha ikapigwa na tepu, ofisi ikaikataa, akalazimika kurudi, na aliporudi kaka alikuwa amevaa shati jipya.

Ndani ya nyumba yao ugomvi ulikuwa mmoja tu, majani ya chai. Kaka alikuwa akizilowesha picha zake kwenye chai ya rangi ili zipate ule wekundu wa udongo. Mgeni anafika, birika linachemka, wifi anafungua kopo, kopo tupu. Mimi mwenyewe nimekunywa maji ya moto pale zaidi ya mara tatu, huku sinia zima la chai nzuri linawanywesha watu waliomo pichani. Wifi alikuwa anabwata, lakini mchuuzi wa majani alipopita, yeye ndiye aliyemwita.

Studio ilifungwa tarehe 30 Juni 2009. Watu walikuwa wamehamia kwenye simu, hakuna wa kulaumiwa. Kwa miaka minane kaka alikaa barazani kama aliyesahauliwa stesheni. Kisha Desemba 2017 kitindamimba wake, ambaye ni mwalimu, akamnunulia simu ya maana na kumwingiza katika kundi la mtandaoni la watu wanaozibadilisha picha zao rangi. Wanapiga picha, wanaipaka bluu, au kahawia, au wanaizima rangi yote na kubakiza jani moja la kijani, halafu wanaonyeshana na kusifiana. Walikuwa watu elfu kumi na moja.

Jamani, kaka yetu alifufuka. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alikuwa akiweka picha moja. Alizitoa kwenye maboksi yake ya zamani, akaziloweka upya, akazikausha kwenye kamba ya nguo, akazipiga kwa simu na kuzituma. Wakambatiza Babu Chai. Waliuliza dakika ngapi, akawajibu. Waliuliza maji ya moto au ya vuguvugu, akawajibu. Kijana akizidisha rangi, kaka alikuwa anamwandikia, "Mwanangu, machweo haya yameiva mpaka yanaungua. Punguza moto." Hakumficha mtu kitu hata kimoja.

Novemba 2022 mmoja wao, anayejiita Mkali wa Rangi, alimwandikia faragha. "Babu, nitumie ile ya cherehani, ikiwa kubwa, nijifunze." Kaka akamtumia. Picha hiyo aliipiga mwaka 1981. Ni wifi, yuko dirishani, ameinamia cherehani, picha nzima ni rangi ya chai, na uzi peke yake ndio mwekundu. Uzi ule aliupaka kwa brashi yenye unywele mmoja, siku mbili, huku amebana pumzi. Ndiyo aliyoipenda kuliko picha zote.

Tarehe 9 Januari 2023 Mkali akaiweka kundini kwa jina lake mwenyewe, baada ya kuikata pembeni, maana mbele haikuwa na jina la mtu. Kaka hakuiona. Tarehe 2 Februari, siku ya kutimiza miaka arobaini na mitatu ya ndoa, yeye akaiweka ya kwake, nzima. Haikupita saa moja wakamvaa. Mwizi. Mzee mzima huna haya. Msimamizi wa kundi akamtaka alete faili asilia, maana ndiyo sheria yao ya nne. Kaka akauliza faili asilia ya mwaka 1981 ni mdudu gani. Akawapigia picha ule ukanda wa filamu aliotolea picha hiyo, ameushikilia kwenye mwanga wa dirisha. Wakasema hata hiyo inatengenezwa. Akawapigia nyuma ya picha, penseli yake ya miaka arobaini na mbili. Mmoja akajibu, "Hata mimi nina penseli," na watu mia mbili wakacheka.

Wifi yangu, ambaye hajawahi kuandika chochote mtandaoni, akaomba simu. Akaandika kwa kidole kimoja, "Huyu aliyekaa hapo ni mimi. Aliyenipiga ni mume wangu." Mnajua alijibiwa nini? "Mama, usikubali kutumiwa." Mwanamke wa miaka sabini na moja, anaambiwa asikubali kutumiwa kusema kwamba yeye ni yeye!

Na picha ya kaka ilikuwa na mguu wa kiti na nusu ya kapu la vitambaa, vitu ambavyo kwenye ya Mkali havikuwepo. Nawauliza, tangu lini mwizi akaonekana na mali nyingi kuliko aliyeibiwa? Watu elfu kumi na moja wanaojigamba kwamba wana jicho! Hakuna hata mmoja aliyeuona mguu wa kiti. Jumapili, tarehe 5 Februari 2023, wakamtoa kundini na kubandika tangazo lenye jina lake lililoanza na neno Tahadhari.

Sasa na mimi niseme la kwangu, maana si haki nitaje makosa ya wengine tu. Nilipomkuta barazani na simu mkononi nilimwambia, "Kaka, hiyo ni simu tu, izime ulale." Mtoto wake wa kwanza akasema hivyohivyo. Kaka akanitazama akasema, "Dada, wewe ungeambiwa umeghushi hukumu moja, baada ya miaka thelathini na moja, ungelala?" Sikumsaidia. Sikuandika barua hata moja, mimi niliyeandikia barua mahakama nzima. Hilo litanikaa kooni mpaka na mimi nizikwe.

Yeye aliwaandikia mara tisa, kwa adabu, kila barua ikianza "Ndugu Msimamizi, natumaini u mzima." Hakujibiwa. Hakuloweka tena picha. Wifi alikuwa na kopo la majani limejaa pomoni na hakuwa na furaha nalo.

Mwezi Julai 2023 alianza kukohoa. Tarehe 21 Agosti akabainika kuwa na ugonjwa wa mapafu. Alilazwa mara tatu, wodi ya pili, kitanda kando ya mlango, na binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alimhudumia kwa mikono yake mwenyewe. Sisemi kundi limemuua. Daktari alisema mapafu, na daktari ninamwamini. Nasema alikufa akiitwa mwizi, na maneno yake ya mwisho ya maana kwangu, Jumapili alasiri, yalikuwa, "Wameshajibu?" Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku mbili kabla ya kutimiza miaka sabini na mitatu.

Juzi Alhamisi msimamizi wa kundi alifika nyumbani na wenzake wawili. Walisikia msiba, wamesafiri, wamevaa vizuri, wamebeba zawadi iliyofungwa. Walisema yaliyopita yamepita na kwamba kundi linamkumbuka Babu Chai. Wifi akafungua. Ndani ya fremu kubwa ya kioo, jamani, ni picha ya cherehani. Walikumbuka kwamba aliipenda. Na pembeni, kwa herufi nyeupe, jina la Mkali wa Rangi.

Wamemletea mjane picha yake mwenyewe kama rambirambi, ina jina la aliyemwibia mumewe! Nikasimama. Wifi akanishika mkono. Aliingia chumbani, akatoka na picha ndogo ya asili na ule ukanda wa filamu ndani ya bahasha yake. Akaviweka juu ya meza kando ya fremu, akamwonyesha msimamizi mguu wa kiti, akamwonyesha kapu, halafu akaigeuza picha. Imeandikwa hivi: "Jumapili, 17 Mei 1981. Chai vijiko vitatu, dakika ishirini. Uzi wino mwekundu. Mke wangu, hajui kwamba nampiga." Na sahihi.

Ni vitu vilevile alivyotumiwa msimamizi mwaka jana. Tofauti ni kwamba safari hii aliyepigwa picha alikuwa amekaa mbele yake, anamtazama. Msimamizi akavua miwani. Akasema, "Mama, tulikosea." Wifi akamwambia, "Mimi hamkunikosea sana. Mwambieni yeye." Msimamizi akasema atarekebisha, ila baada ya mazishi, taratibu, ili isionekane vibaya.

Isionekane vibaya kwa nani? Tahadhari mliitangaza siku ya Jumapili, mbele ya watu elfu kumi na moja, bila taratibu yoyote. Mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye ni fundi umeme na ninampenda, aliniomba niyatoe haya. "Shangazi, tuyamalize ndani kwa ndani." Nikamwambia, mwanangu, baba yako hakutukanwa ndani kwa ndani. Akazichukua karatasi, akazipeleka yeye mwenyewe kiwanda cha uchapaji.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja ambaye ni mimi, na ndugu yetu wa mwisho aliyesafiri siku mbili kufika hapa. Ameacha maboksi kumi na nne ya picha, na kila moja ina maandishi nyuma.

Ndugu Msimamizi, natumaini u mzima. Tumekuwekea kiti safu ya pili, na mtandao hapa unashika vizuri, nimeupima. Andika kundini kwamba picha ya cherehani ni ya kaka yetu, na aliyeiiba mtaje. Kisha simama uwasomee hawa. Kaburi liko tayari, wachimbaji wameegemea makoleo, na hakuna hata mmoja wetu mwenye haraka. Ukimaliza kusoma tutamshusha, naye apumzike kwa amani.