Barua Mbili za Kanisa kwa Muuguzi Jeska Wankyo

Mchungaji, wazee wa kanisa, Ndugu Mwenyekiti wa kijiji, wafiwa wenzangu, majirani mliotoka Kiabakari na Bunda, na ninyi waganga na wauguzi mliosimama pale nyuma na nguo zenu nyeupe, tafadhali sogeeni mbele mpishwe kwenye mabenchi, maana mengi niliyoandika humu yanawahusu ninyi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Familia ilitaka Alfonce, mtoto wa kwanza wa marehemu, ndiye asome, na ni kweli anasoma vizuri kuliko mimi, lakini nimekataa, nimesema karatasi hii nitaisoma mwenyewe, mimi Silasi Makongoro, mdogo wake marehemu, ambaye pia ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa letu hili, na sababu ya kukataa mtaisikia. Wanaonijua wanajua mimi ni mtu mkali, sipendi watu wanong'one nikisoma, basi leo mnivumilie kama alivyokuwa akinivumilia yeye.

Marehemu dada yetu Jeska Wankyo Makongoro alizaliwa tarehe 12 Machi 1934 hapa Butiama, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Makongoro na Mama Gati, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi hapa, ingawa hakuna mama anayestahili kukaa kwenye mkeka huu kwa ajili ya mwanawe. Mimi ni kitinda mimba, nilizaliwa mwaka 1939, na mgongo wa kwanza ninaoukumbuka siyo wa mama, ni wa Jeska, aliyekuwa akinibeba kwenda mtoni, akiniweka chini achote maji, halafu ndoo kichwani na mimi mgongoni, wala hakuwahi kuniangusha.

Alianza shule ya misheni Januari 1943, akamaliza darasa la nne mwaka 1946, akaendelea na shule ya kati ya wasichana hadi Novemba 1950, mzee wetu akilalamika kila likizo kwamba ng'ombe za mahari zinazeekea kwenye mazizi ya watu. Januari 1951 akatoroka, tuseme tu ukweli kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa akicheka akiisimulia, akashuka Musoma, akavuka ghuba kwa mtumbwi hadi Kinesi, akatembea siku mbili hadi hospitali ya misheni kule kaskazini, akaomba kujifunza uuguzi na ukunga. Alihitimu tarehe 10 Desemba 1954, na yule mzee aliyelalamika ndiye aliyetembea kilabu hadi kilabu akiwaambia watu kwamba yeye ana binti anayechoma sindano hadi Wazungu.

Kazi aliianza tarehe 1 Februari 1955 katika wodi ya wazazi mjini Musoma. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, mji mzima ulitoka kucheza ngoma, yeye alikuwa zamu, na alipoulizwa baadaye uhuru ulikuwaje alijibu kwamba aliusikia vizuri sana kupitia dirishani, huku mikono imeshika kichwa cha mtoto anayetoka. Mwaka 1963 alihamishiwa zahanati ya Manyamanyama kule Bunda, na tarehe 3 Machi 1969 akaletwa katika zahanati ya kijiji chetu, ambako alifanya kazi hadi mwili ulipomkatalia.

Alifunga ndoa tarehe 18 Oktoba 1958 na Ndugu Clementi Luhende, wakati huo akiwa fundi wa pampu katika mgodi wa Kiabakari, na hapa lazima nimsifu shemeji yangu akiwa amekaa hapo, kwa sababu mke wake alikuwa mke wa zamu, na usiku wa zamu watoto walibaki naye. Wenzake wa mgodini walikuwaga wanamtania, eti Clementi, leo umenyonyesha, naye anawajibu bila kukasirika, nimenyonyesha, na nyie wake zenu walizalishwa na nani. Mungu aliwajalia watoto watatu, Alfonce aliyezaliwa mwaka 1959, Tereza mwaka 1962, na Justina mwaka 1966.

Sasa niseme juu ya ile iliyoitwa ibada ya sufuria. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa zahanati, marehemu aliweka sufuria ya sindano jikoni, na wakati maji yanachemka aliwakusanya watumishi wote, tabibu Ndugu Masatu, muuguzi msaidizi Robi, na mama wa usafi, wakasimama kulizunguka jiko, kila mmoja akasema kilichomlemea moyoni, wakaomba, na sindano zikiiva ibada imekwisha, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Watu tulicheka, tuliita kanisa la sindano, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Lakini Robi amenieleza jambo ambalo sikulijua, na ameniruhusu kulisema. Mwishoni mwa mwaka 1974, wakati kaya zilikuwa zimehamishiwa kijijini hapa na wengi wanalala kwenye vibanda vya nyasi, mvua inanyesha, surua imeingia, na chakula ni ule unga wa njano wa msaada, watoto wanne walifariki katika wiki moja, na wa nne alifia mikononi mwa Robi. Robi akavua gauni la kazi, akalikunja, akaliweka mezani, akasema anarudi kwao kulima pamba. Marehemu hakumkemea, wala hakumsomea mstari wowote, alimwambia tu, "Mwanangu, Mungu hakukuajiri uwe mponyaji, hiyo kazi ina mwenyewe, wewe umeajiriwa usimwache mtu peke yake," kisha akamwomba wasaidiane kumwosha yule mtoto kabla mama yake hajaingia. Robi hakwenda kulima pamba, yuko hapa mbele yenu, na amesema katika ibada zile hawakuomba wagonjwa wasife, waliomba wao wenyewe wasiwachoke wagonjwa.

Ndugu zangu, mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemtenga.

Siku ya Jumapili, tarehe 16 Februari 1975, marehemu aliitwa kwenye boma la Mzee Keraryo, ambaye mnamwona pale, ambaye si mtu wa dini yetu na hajawahi kujifanya kuwa. Mke wake mdogo, Bhoke, alikuwa na uchungu kwa siku ya pili, mtoto amelala vibaya, na marehemu alipompima akaona hapa hakuna la kufanya ila hospitali ya Musoma, tena haraka. Wazee wa ukoo wakasema mama haondoki mpaka mizimu ipozwe, mbuzi akachinjwa pale pale, na kwa desturi yao kila aliyemo ndani ya nyumba hupakwa mavi ya utumbo wa yule mbuzi kifuani, asiyetaka atoke, na akitoka harudi. Marehemu aliuliza swali moja tu, je, mkimaliza mtaniachia nimpeleke, Mzee Keraryo akasema ndiyo, naye akakaa, akapakwa juu ya gauni lake jeupe, mkono wake mwingine ukiwa juu ya tumbo la Bhoke.

Walimpakia kwenye tela la trekta la kijiji hadi Kiabakari, wakapata lori la mizigo hadi Musoma, na Bhoke akafanyiwa operesheni, akajifungua mtoto wa kike mzima. Lakini tela lile lilipita mbele ya kanisa hili wakati tunatoka ibadani, na sote tukamwona mwanakwaya wetu wa zamani, binti wa Makongoro, amesimama juu ya tela na matambiko kifuani. Looo! Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni nani, hata mimi ndugu wa tumbo moja sikuuliza, nilichosikia mimi ni aibu.

Kesho yake, Jumatatu tarehe 17 Februari, baraza lilikaa. Kanuni yetu inasema Mkristo aliyeshiriki tambiko anatengwa na Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya kusanyiko atubu. Dada aliitwa, akaja moja kwa moja kutoka zamu, akasema yuko tayari kutubu dhambi zake zote, anazo nyingi na anazijua, lakini hiyo moja hawezi kuitubu, kwa sababu akiiita dhambi maana yake angepaswa kumwacha Bhoke. Baadhi ya wazee walianza kulegea, haki ya Mungu walilegea, nikawashika mimi, nikasema kosa ni kosa, nikasema tukimwonea haya dada wa katibu watu watasemaje. Nikaandika barua kwa mkono huu, na ili ionekane sina upendeleo nikaongeza mstari ambao baraza halikuuomba, kwamba asiongoze ibada wala sala yoyote, mahali popote.

Marehemu alitii. Kila Jumapili aliyokuwa na nafasi alikuja, akakaa benchi la mwisho, na mkate ulipoletwa alitoka nje taratibu akasimama juani mpaka tumalize. Na kule zahanati aliendelea kuchemsha sindano na kuwakusanya wenzake, ila yeye akawa hasemi kitu, anamwachia Robi aombe, Robi aliyekuwa hajui aanzie wapi, na mara nyingi walisimama tu wote kimya. Yule aliyewatia moyo watumishi wa afya wa upande huu wote tulimfunga mdomo, katika miaka ambayo walimhitaji kuliko wakati wowote, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza yeye mwenyewe anatiwa moyo na nani. Wazee husema majuto ni mjukuu, na wa kwangu nimeshampakata.

Ugonjwa ulimwanza Desemba 1976, miguu ikawa inavimba na pumzi inamkatika, akasema ni uchovu, kama mnavyosema ninyi nyote wauguzi mkiumwa. Tarehe 20 Aprili 1977 alilazwa mjini Musoma, madaktari wakasema ni moyo, umepanuka. Nilikwenda kumwona mara tatu, nikampelekea ndizi, tukazungumza habari za ng'ombe na habari za mama, wala sikuigusa ile habari, naye hakunisukuma. Mara ya tatu niliwakuta wauguzi wawili vijana wamesimama kando ya kitanda chake, wamemwomba awaombee kabla ya zamu, naye amewajibu kwa upole kwamba amefungiwa, waombe wao, yeye ataitikia amina. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikaweka ndizi, nikaondoka.

Aliyenifungua macho siyo mchungaji wala mzee wa kanisa. Tarehe 6 Juni alikuja nyumbani kwangu Mzee Keraryo, na fimbo yake, hakutaka kiti, akaniuliza, "Wewe Silasi, ni kweli mlimfukuza yule mama kwa ajili ya mavi ya mbuzi wangu?" Nikaanza kumweleza kanuni, akanikata, akasema, "Mbuzi ni wangu, mizimu ni yangu, mke ni wangu, yeye kosa lake liko wapi? Mungu wenu mwambie anidai mimi."

Nikaliita baraza, likakaa Jumamosi tarehe 11 Juni, likaamua kwa sauti moja arudishwe bila masharti, na mchungaji akasema ampelekee mkate na kikombe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kwa baiskeli. Na mimi, jamani, mimi nikasema hapana, tufuate utaratibu, barua ya kumrudisha isomwe kwanza mbele ya kusanyiko Jumapili ya tarehe 19, kwa sababu ya tarehe 12 tulikuwa na wageni kutoka Bunda na sikupenda wayasikie mambo yetu. Wakanikubalia, wamezoea kunikubalia.

Dada Jeska alifariki Alhamisi tarehe 16 Juni 1977, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu na miezi mitatu. Muuguzi aliyekuwa naye amesema alimshika mkono hadi mwisho. Alikaa nje ya Meza ya Bwana miaka miwili na miezi minne kasoro siku moja, na barua ya kumrudisha imo katika mfuko wa koti hili. Sitaisoma. Haimhusu tena yeye, huko alikofika hawasubiri tangazo la katibu.

Lakini kanuni yetu inataka mwenye kosa asimame mbele ya kusanyiko, na mimi nimesimama. Nilimtenga dada yangu kwa kuogopa watu, nikamchelewesha kwa kuogopa wageni, na kuanzia leo nimeacha ukatibu, na Mezani sitafika mpaka kanisa hili na watumishi hawa wa afya waniambie njoo. Ninyi waganga na wauguzi, hatuwezi kuwarudishia sala zake tulizozizuia, ila nawasihi, mtumishi mwenzenu akilemewa msingoje kikao cha mtu yeyote, wala msimruhusu mtu kama mimi awafundishe lini mnaruhusiwa kushikana mikono.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma waliomtunza siku hamsini na nane bila kumchoka, Ndugu Masatu na Robi walioshika zamu zake, majirani waliolima shamba lake msimu huu, Serikali ya kijiji kwa trekta iliyoleta mwili, Mzee Keraryo aliyeleta ng'ombe wa msiba na Bhoke ambaye tangu juzi hajaondoka jikoni, na Clementi, shemeji yangu, ambaye ameniruhusu kusoma haya yote akiwa anajua yamo.

Dada Jeska, amani yako sisi hatukukupa, na kumbe hatukuweza kukunyang'anya. Pumzika nayo, mama wa watu, na ukiweza, uniombee.