Mstari wa Maneno Saba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Aliye jikoni apunguze vishindo vya sufuria, aliye kazini ategeshe sikio moja. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumjua, na kazi yake wengi wenu hamjawahi kuisikia. Alifariki Jumatatu iliyopita, mchana, akiwa na miaka sabini na mmoja. Walimwita Mzee Fagio.

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na rula ya chuma, miwani mbili, na jicho lisiloweza kuliona kosa likaliacha lilale. Dada yake, ambaye nyumba nzima inamwita shangazi, anasema kaka yake alikuwa hali chakula mpaka anyooshe kwanza kitambaa cha meza. "Tulimwambia, wewe hukuzaliwa, wewe ulipigwa pasi," anasema shangazi. Anacheka kidogo, kisha anatafuta leso.

Sasa, kazi yenyewe. Kila programu ya kompyuta ina ukurasa wake wa mwongozo. Ukurasa huo unakwambia programu inafanya nini, unaiamrishaje, na hatari yake iko wapi. Kurasa hizo huandikwa na mafundi, na mafundi, jamani, mnawajua. Mmoja anaandika mistari mirefu kama foleni ya hospitali, mwingine anaweka vichwa vya habari anavyojisikia. Mzee Fagio alikuwa akijitolea kuzinyoosha. Halipwi, hatumwi. Anasahihisha nafasi, vichwa, mpangilio wa mistari, kisha anaituma kazi, nayo inawafikia watu duniani kote. Alipoulizwa anafanya nini siku hizi, alijibu, "Nafagia tu. Wenye nyumba ni wengine." Ndipo jina likamganda.

Kompyuta ya kwanza aliletewa na binti yake. Mzee alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Mama mtu alitangulia mbele ya haki binti akiwa darasa la tatu, na tangu hapo baba na binti wakawa chanda na pete. Baba alimsukia nywele, vibaya, kwa mujibu wa shangazi, lakini kwa mistari iliyonyooka ajabu. Binti alisoma, akahitimu, akawa fundi wa kompyuta katika maabara ya hospitali. Shikeni hilo, wasikilizaji. Binti alikuwa fundi wa kompyuta, maabara, hospitalini.

Miaka mitano iliyopita, asubuhi ya Jumanne, binti aliagizwa ahamishe majibu ya vipimo kutoka kompyuta kuukuu kwenda mpya. Hakukurupuka. Aliufungua ukurasa wa mwongozo, akaweka kidole kwenye skrini, akafuata hatua baada ya hatua. Akabonyeza. Majibu yote ya miezi miwili yakafutika, pande zote mbili.

Lo! Wagonjwa mia mbili na ushee ikabidi warudie vipimo. Miongoni mwao alikuwa mwalimu wa chekechea, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akisubiri jibu la uvimbe. Jibu lake lilikuwa limeshatoka, halijamfikia tu. Kurudia kukachukua wiki tisa. Mwalimu yule hakuifikisha ya kumi na mbili. Madaktari wanasema huenda angefariki vyovyote vile. Huenda. Mumewe, dereva wa lori, anaishi na neno hilo mpaka leo.

Turudi kwenye ile wiki ya kwanza. Kamati ya hospitali ilimwita binti. Mmoja wao alikuwa na nakala ya ukurasa huo, imechapwa zamani, imetolewa kabatini. Akamwonyesha mstari mmoja. Mstari wa maneno saba. "Nukta-linda lisipokuwepo, amri hii hufuta kila kitu." Nukta-linda ni faili dogo la ulinzi, na jina lake huandikwa kwa alama ya nukta mbele, kisha linda. Binti alikuwa hajaliweka. Wakamuuliza, hukusoma? Akajibu kwamba alisoma, na mstari huo haukuwepo. 

Jioni alifika kwa baba, viatu mkononi, macho yamevimba. Akamweleza. Na baba, wasikilizaji wapendwa, baba mwenye jicho lile, akamkemea. "Mwanangu, uliruka. Nakujua, tangu utoto unasoma mbio mbio. Maneno ya hatari hayarukwi!" Binti akasema, "Nilisoma, baba. Haukuwepo." Baba akatikisa kichwa. Binti akaondoka bila kunywa hata chai.

Kesho yake asubuhi mzee aliufungua ukurasa ule. Alitaka amtumie binti ule mstari, ajionee mwenyewe, ajifunze. Akatafuta. Akavaa miwani ya pili. Mstari haukuwepo.

Hapa nitawaeleza jambo moja la kazi yao, na nitalisema polepole. Ukurasa huandikwa kwanza ukiwa mbichi, kisha programu nyingine huuandaa, ukatoka msafi wa kusomwa. Programu hiyo ina tabia yake. Mstari wowote wa maandishi mabichi unaoanza na nukta inauchukua kuwa ni agizo lake yenyewe, si maneno ya msomaji. Isipolielewa agizo hainung'uniki. Inaliruka. Mstari wote unapotea, na hakuna hata pengo la kukwambia hapa palikuwa na kitu.

Zamani sentensi ile ya maneno saba ilikaa katikati ya mstari mrefu. Nukta haikuwa mwanzoni, kwa hiyo ilikuwa salama. Kisha akaja mtu msafi. Sheria ya usafi wao inasema kila sentensi ianze mstari wake. Mtu huyo akaishusha sentensi ikae peke yake, inadhifike, nukta mbele. Ikatoweka. Dawa yake ipo, ni alama ndogo tu unayoitanguliza, na kila mzoefu anaijua.

Mzee alifungua kumbukumbu za mabadiliko kuangalia ni nani. Miezi kumi na sita nyuma. Aliyebadilisha: Fagio. Maelezo aliyoyaacha: "Usafi tu. Maana haijabadilika."

Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni wa kazi hiyo ile alama ndogo. Na alikuwa na desturi ya kusoma kila ukurasa mara tatu, ukiwa mbichi, ukiwa umeandaliwa, kisha kwa sauti. Siku ile alisoma mara moja. Kurasa zilikuwa arobaini, na ule ulikuwa mfupi, akajisemea, aa, huu si wa kunipotezea muda. Aliyaandika haya mwenyewe katika daftari lake. Hakujitafutia udhuru, na mimi sitamtafutia.

Akausahihisha papo hapo. Alifanya vema, maana mahali pengine mtu mwingine angeweza kubonyeza amri ile ile. Mstari ukarudi. Na kwenye maelezo akaandika maneno mawili, "Marekebisho madogo." Kisha akanyamaza.

Alinyamaza siku moja. Akanyamaza ya pili. Shangazi anakumbuka alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, rula mkononi, anaisugua kwa kidole gumba. "Nikamuuliza, kaka, una nini? Akasema tumbo. Tumbo gani hilo la wiki nzima?" Katika daftari kuna sentensi ileile kila siku, kwa mwandiko ulionyooka: "Kesho nitamwambia." Alikuwa amemkemea mtoto kwa kosa ambalo ni lake, na kila kesho ilivyosogea ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito mdomoni. Wahenga hawakukosea, mficha maradhi kifo humuumbua.

Siku ya tisa ya ukimya huo kamati ilikaa tena. Binti aliwaomba jambo moja tu. "Ufungueni ukurasa wenyewe, mtandaoni, sasa hivi, mjionee kwamba mstari haupo." Alikuwa na uhakika. Wakaufungua mbele yake, kwenye skrini kubwa ya ukutani. Mstari ulikuwepo. Maneno yote saba.

Binti anasema alisimama akausoma mara nne. Anasema ilikuwa kama kuamka ukakuta mlango wa chumba chako uko ukuta mwingine. Hakubisha tena. Waliandika amefukuzwa kwa uzembe na kwa kusema uongo. Naye akaamini, anasema. Aliamini kwamba macho yake yalimdanganya, na kwamba mwalimu wa chekechea, aliyekuwa akihangaika na foleni za vipimo wakati huo, alikuwa mzigo wake.

Siku ya kumi baba alipiga moyo konde, akaenda. Alimkuta binti anafua. Akamwambia yote akiwa amesimama mlangoni. Binti hakupiga kelele. Alikamua shati lililokuwa mkononi, akalitundika, akasema, "Kwa hiyo ulinikemea. Kisha ukajua. Kisha ukauficha ushahidi wangu, ukanyamaza." Baba akasema, "Mwanangu..." Binti akasema, "Nenda, mzee." Mzee. Hakumwita baba tena kwa miaka minne na zaidi.

Mzee Fagio aliandika barua hospitalini, kurasa tatu, na ushahidi wote. Jibu lilikuwa mistari miwili. Nafasi imeshajazwa, na suala limefungwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Binti akaishia kuuza vocha na kutengeneza simu kwenye dirisha la duka la mtu, yeye aliyekuwa akilinda majibu ya hospitali nzima.

Mwalimu alipofariki, mzee alikwenda kwa yule dereva wa lori. Hakuna aliyemtuma. Dereva mwenyewe ametusimulia, kwa simu, akiwa amesimamisha gari kando ya barabara. "Alikuja na karatasi zake, ananieleza nukta, ananieleza mistari. Sikuelewa kitu. Nikamuuliza, mstari wenyewe ulisemaje? Akausema. Nikahesabu kwa vidole. Maneno saba. Nikamwambia, toka nyumbani kwangu."  Akaongeza, "Lakini alikuja. Wale wa hospitali hawakuja."

Baada ya hapo mzee hakugusa ukurasa mpya hata mmoja. Alitengeneza orodha ya kurasa zote alizowahi kuzifagia. Elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Akaanza kuzisoma upya moja moja. Mbichi, zilizoandaliwa, kisha kwa sauti. Majirani walidhani amepata wazimu, mtu mzima anaisomea kompyuta. Alikuta mistari mingine mitatu iliyopotea kwa mkono wake. Kila mmoja aliurudisha, na kila mara aliandika wazi: "Kosa hili ni langu."

Kisha macho yakamsaliti. Ukungu ukaingia jicho la kulia, ukahamia la kushoto. Mwaka jana shangazi alimkuta pua inagusa skrini, anasoma herufi moja baada ya nyingine kama mtoto wa darasa la kwanza. Shangazi akampigia simu binti. "Sikumwambia amsamehe," anasema. "Nilimwambia baba yako haoni, basi."

Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, binti alikuja. Hakusalimu. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta, akauliza, "Umefika wa ngapi?" Mzee akamtajia. Binti akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma mpaka saa kumi na mbili, akasimama, akaondoka. Ikawa hivyo kila Jumamosi, miezi minane. Hawakuzungumza jambo jingine. Yeye anasoma, mzee anasikiliza amefumba macho, kichwa kimeinama. Kikisikika kitu hakikai sawa, mzee anasema "rudia." Kikiwa sawa, anasema "endelea." Shangazi alikuwa akiwaletea chai, inapoa, anaiondoa. Anasema alikuwa akienda kulia uani.

Jumamosi ya mwisho, siku mbili kabla mzee hajafariki, zamu ilifikia ukurasa ule. Mzee hakuuruka, wala hakuusogeza. Ulikuwa wa elfu moja mia tisa na saba kwenye orodha, na zamu yake ilikuwa imefika. Binti aliutambua kwa kichwa chake. Akasita. Mzee hakusema rudia, hakusema endelea. 

Binti akasoma kuanzia juu. Akafika mahali penyewe. Akaweka kidole kwenye skrini, kama alivyoweka asubuhi ile ya Jumanne, akayasoma maneno yote saba. Kisha akageuka. Anasema uso wa mzee ulikuwa umelowa mpaka kwenye ukosi wa shati. Akamwambia, "Upo, baba."

Nilimuuliza binti, je, hapo ulikuwa umemsamehe?  "Hapana," akasema. "Nilimwambia tu kwamba mstari upo. Yeye ndiye aliyepaswa kuniambia hivyo hivyo, kwamba haukuwepo. Lilikuwa neno moja." Akaendelea, "Lakini kumwita baba, lilinitoka. Silirudishi."

Kwako binti, kwako shangazi, kituo hiki kinawapa pole. Poleni kwa kumpoteza, na poleni kwa yote yaliyokuwepo kabla ya kumpoteza. Pole pia kwa dereva wa lori na watoto wake wawili, maana leo hatuwezi kumtaja Mzee Fagio tukamsahau mwalimu. Kurasa zilizobaki ni mia nne na tisa. Binti anasema Jumamosi hii, saa tisa, atavuta kiti.

Na wewe unayenisikiliza, kukosea tunakosea sote, tena siku tunayojiona wasafi kuliko wenzetu. Mzee huyu alikosea kwa dakika moja, lakini alinyamaza kwa siku tisa, na binti yake anasema zile siku tisa ndizo zinazouma. Pengine kuna mtu leo amebeba lawama ambayo ni yako. Unamjua ni nani. Redio tutaizima sasa, ili upate nafasi ya kumpigia.